Daftari la Penseli

Swali la 14 kwenye ile PDF ya maswali ya usaili wa ajira serikalini liliuliza: Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi wanachama ngapi? Jibu: sita. Nikalikariri mimi na akili zangu timamu, nikapanda nalo basi pale Mbezi hadi Dodoma, nikalala nalo kwa shangazi, asubuhi nikaenda kulitema mbele ya paneli ya watu watatu.

"Zitaje," akasema baba mmoja mwenye miwani.

Nikazitaja. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini. Nilizitaja kwa kujiamini, hata mkono nikauinua kidogo kama mwalimu.

"Kongo umeiacha wapi, binti yangu?"

Ilikuwa Septemba 2023. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilishasaini kuingia tangu Aprili 8, 2022, pale Nairobi. Mwaka na nusu! Na mimi mara ngapi nimepita Kariakoo nikawasikia wafanyabiashara wa Lubumbashi wakipatana bei kwa Kiswahili chao kitamu, isinipitie akilini kwamba hawa sasa tuko nao jumuiya moja. Nilikuwa nimeiamini karatasi kuliko masikio yangu.

Ile PDF nilinunua shilingi 3,000 kwa mtu wa kwenye kundi la WhatsApp. Juu imeandikwa TOLEO JIPYA kwa herufi nyekundu. Baadaye nilipoikagua kwa utulivu nikagundua upya wake ulikuwa ni ile rangi nyekundu tu.

Sitasema nilikosa kazi kwa sababu ya Kongo. Nafasi zilikuwa chache, sisi tulikuwa umati, na wanaojua utaratibu wanajua kwamba kufaulu na kupangiwa kituo ni mambo mawili. Unaweza ukafaulu ukaingizwa kwenye kanzidata ukasubiri nafasi itokee. Lakini lile swali lilinikaa moyoni, na nililolibeba kurudi nalo Mbagala lilikuwa jibu jipya: saba. Nikakariri saba. Miezi miwili baadaye, Novemba 24, 2023, marais wakakutana Arusha wakaipokea Somalia.

Siku ile ndipo nilipoenda dukani nikanunua kaunta buku, penseli mbili na ufutio.

Nijitambulishe kwa waliofika leo. Nina stashahada ya utunzaji kumbukumbu, na kada ninayoomba ni Msaidizi wa Kumbukumbu. Kwa sasa ni wakala wa kutuma na kutoa pesa, kibanda changu kiko hatua chache kutoka kituo cha daladala, Mbagala Rangi Tatu. Nimekaa hapo nikisubiri serikali inione, na katika kusubiri nimejifunza jambo moja kuhusu haya maswali ya ufahamu wa jumla ambalo wauza PDF hawawezi kukuambia, maana litawaharibia biashara: jibu la habari za sasa linaoza kama nyanya. Ukilinunua lililofungwa, hujui limekaa ghalani siku ngapi.

Kwa hiyo mimi siandiki majibu kwa kalamu. Kila jambo nalipa mstari wenye vyumba vitatu: sasa hivi ni nini, kabla ya hapo kilikuwa nini, na mabadiliko yalitokea lini. Chumba cha kwanza ni penseli daima. Viwili vya mwisho ni kalamu, kwa sababu kilichokwisha kupita hakibadiliki tena. Nilidhani hii ni mbinu yangu, kumbe ndivyo masjala, ile ofisi ya kutunza mafaili, inavyofanya kazi. Faili halitupwi kwa sababu barua mpya imeingia. Barua mpya inapewa folio inayofuata, yaani namba yake ndani ya faili, ya zamani inabaki chini yake. Ukilifungua unaona jambo lilikotoka.

Tuchukue hiyo hiyo Jumuiya. Kwenye daftari langu leo imeandikwa 8 kwa penseli. Pembeni, kwa kalamu: ile ya kwanza ilivunjika 1977. Mkataba wa hii ya sasa ulisainiwa Novemba 30, 1999 ukaanza kutumika Julai 7, 2000, nchi tatu. Rwanda na Burundi 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia ikapokelewa Novemba 2023 na kuwa mwanachama kamili Machi 4, 2024. Ukiwa na mlolongo huo hata ukitetemeka huwezi kusema sita, maana utahesabu kwa vidole mle mle kichwani. Halafu hiyo Julai 7 imebeba mizigo: TANU ilizaliwa siku hiyo 1954, mkataba ukaanza kazi siku hiyo, na sasa ndiyo Siku ya Kiswahili Duniani kwa tangazo la UNESCO la Novemba 2021. Tarehe moja, majibu matatu. Sabasaba mimi naitumia zaidi kuliko wanaokwenda maonyesho.

Namba nazifunga kama ninavyofunga hesabu jioni. Wakala yeyote anajua: floti, yaani pesa ya kwenye simu, ukijumlisha na keshi mkononi lazima irudi kwenye mtaji, isiporudi hulali. Sensa ya Agosti 23, 2022 ilitupa watu 61,741,120. Watu wengi wanakariri hivyo hivyo, wakifika katikati wanateleza. Mimi nakumbuka Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773, nikijumlisha lazima ifunge. Nakagua kwa upande mwingine pia, wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Inafunga. Sensa ya 2012 tulikuwa 44,928,923, kwa hiyo katika miaka kumi tumeongezeka karibu milioni 17, na hilo nalihisi kila asubuhi kwenye mwendokasi wa Mbagala.

Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji ni vivyo hivyo. Megawati 2,115. Nilikuwa nachanganya na 2,150 hadi nilipojua mitambo ni tisa na kila mmoja ni megawati 235. Tisa mara mia mbili thelathini na tano, kazi imekwisha. Mtambo wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na ndani ya 2025 yote tisa ikawa tayari. Zamani pale pakiitwa Stiegler's Gorge, na PDF ya buku tatu bado inapaita hivyo.

Reli ya SGR sikuhitaji kuikariri, niliipanda. Usaili wangu wa pili ulikuwa mwishoni mwa 2024, na safari hii sikwenda Mbezi, nilikwenda stesheni. Abiria wa Dar na Morogoro walianza kusafiri Juni 14, 2024, Dodoma ikafuata Julai 25, Rais akaizindua rasmi Agosti 1. Nauli ya daraja la kawaida hadi Dodoma ilikuwa shilingi 31,000. Upana wa reli milimita 1,435, ile ya zamani 1,000. Nilikaa dirishani na daftari magotini, dada wa pembeni naye ana karatasi zake, tukaangaliana tukacheka. Tulihojiana kuanzia Pugu mpaka milima ya Kilosa. Yeye alikuwa anaomba uhasibu. Aliniuliza bajeti ya 2024/25, nikamjibu trilioni 49.35. Mimi nikamuuliza ni nani Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika.

Tukanyamaza wote wawili.

Hilo ndilo jibu lililonifundisha penseli kwa uchungu. Agosti 27, 2024, Dkt. Faustine Ndugulile, mbunge wa Kigamboni, jirani zetu kabisa hapa, alichaguliwa kwenye nafasi hiyo kule Brazzaville. Kibandani kwangu watu walifurahi kana kwamba tumeshinda ligi. Niliandika jina lake, na kwa furaha ile nilitumia kalamu. Novemba 27, miezi mitatu kamili, akafariki India alikokuwa akitibiwa, hata ofisi hajaingia. Nilijaribu kulifuta, karatasi ikachanika. Nikaliacha, nikachora mstari pembeni. Mei 18, 2025 akachaguliwa Profesa Mohamed Janabi, na yeye nimemwandika kwa penseli, si kwa kumwombea mabaya, ni adabu ya daftari.

Usaili wenyewe ule wa pili? Hawakuniuliza habari za sasa hata moja! Kurasa sabini na nne nilizojaza, na paneli ikaniuliza tofauti ya masjala ya wazi na masjala ya siri, nini nitafanya ofisa akichukua faili asirudishe, na kwa nini folio hazirukwi namba. Nilijibu vizuri, nadhani. Nilifaulu, sikupangiwa. Niko kanzidata. Nawaambia hili ili msije mkaacha taaluma yenu mkahangaika na majina ya mawaziri. Mchujo wa kuandika kwa sehemu kubwa utakubana kwenye kazi uliyosomea. Haya mengine ni chumvi. Ila chumvi nayo ikikosekana mboga hailiki, na baba mwenye miwani yupo mahali anakusubiri.

Kuna maswali ya utumishi wenyewe ambayo nayo yanaoza bila watu kujua. PDF nyingi bado zinasema utendaji wa mtumishi unapimwa kwa OPRAS. Baba mdogo ni mwalimu wa msingi Kilwa, nilipomtajia OPRAS alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hiyo tulishaizika. Siku hizi ni PEPMIS, tunajaza kwenye simu, na mtandao wa huku unaujua." Kwa hiyo ukiwa na ndugu serikalini, muulize anajaza nini. Na kima cha chini, maana hicho nilikariri bila kuombwa: Mei Mosi 2025 Rais alikitangaza pale Singida kutoka shilingi 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai, asilimia 35.1. Hiyo asilimia naweza kuitaja usingizini.

Mwaka 2025 ufutio wangu uliisha. Julai 17 ilizinduliwa Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, nikafuta Dira 2025 kwenye chumba cha kwanza. Halafu ukaja uchaguzi. Siku zile za kuanzia Oktoba 29 intaneti ilikatika, kundi la WhatsApp likanyamaza, kibanda nikafunga mapema kwa sababu ya amri ya kutotoka nje, na kila mtu mtaani alikuwa akihangaika kupiga simu kujua ndugu zake wako wapi. Hayo sikuyaandika kwenye daftari la usaili. Yana mahali pake pengine.

Intaneti iliporudi nikakaa kitako na redio. Novemba 3 aliapishwa Rais Samia, na Emmanuel Nchimbi akawa Makamu mahali pa Philip Mpango. Novemba 11 Bunge likamchagua Mussa Zungu kuwa Spika. Novemba 13 likathibitisha jina la Mwigulu Nchemba kuwa Waziri Mkuu, na hapo nilisita kidogo na ufutio mkononi, kwa sababu jina la Kassim Majaliwa lilikuwepo tangu 2015. Mimi nilikuwa sekondari. Ni jibu ambalo hata mtoto wa chekechea alilijua, na sasa mtu atakayelisema kwenye usaili ataonekana alikuwa amelala. Jaji Mkuu naye alibadilika Juni, kutoka Profesa Ibrahim Juma kwenda George Masaju. Wiki ile sikununua PDF yoyote, na waliokuwa wakiziuza walikuwa kimya, nadhani nao walikuwa wanatafuta majibu.

Mnaoniuliza habari hizi nazipata wapi: redio asubuhi wanapoperuzi magazeti, taarifa ya habari saa mbili usiku, na tovuti za taasisi zenyewe, hasa ile ninayoombea kazi. Hakuna siri.

Jina langu limetoka tena kwenye orodha ya kuitwa kwenye usaili. Vyeti halisi nimeshavitoa kwenye sanduku la mama, cheti cha kuzaliwa kimo. Kila jioni mtoto wa dada, yuko darasa la tano, anakuja kibandani ananihoji, daftari kalishika yeye, na ana sauti ya paneli kuliko paneli wenyewe.

"Spika?"

"Mussa Zungu."

"Kabla yake?"

"Tulia Ackson, tangu Februari 2022."

"Kabla yake?"

"Job Ndugai. Alijiuzulu Januari 2022."

"Kwa nini?"

"Alizungumza jambo kuhusu mikopo ya serikali."

"Jambo gani?" Akafunua ukurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. "Mamdogo, hapa hujaandika."

Nikamwambia aandike kwa penseli alama ya kuuliza, anipishe kidogo, kuna mteja anataka kutoa elfu ishirini.