Siku moja na kishikwambi mgongoni, Kigoma vijijini

Watu wakiniona na kitambulisho shingoni wanajua mi kausha damu nimefata rejesho, au mtu wa TASAF nimekuja kuandikisha. Jamani, mi mdodosaji wa utafiti wa shule, nauliza maswali tu.

Saa kumi na mbili asubuhi nishapita Mwandiga nyuma ya boda, baridi ya milima ya Kalinzi inapenya mpaka kwenye meno. Nasaini kitabu cha wageni kwa mwenyekiti. Kaya mbili hadi saa nne, hamna la kusimulia.

Saa nne na nusu, kaya ya tatu. Bibi anamenya mihogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwaka juzi alikuja mwenzio, kaandika, kaondoka. Shule ya bondeni mmewapa vitabu, sisi mnatuletea kalamu yenu tu."

Namweleza shule zilichaguliwa kwa bahati nasibu. "Ile ya kwenye simu?" Nikaishiwa maneno. Ila kusema kweli asipokuwepo wa kunyimwa utajuaje kama ni vitabu vilivosaidia au watoto wangepanda alama wenyewe tu? Kina Michael Kremer, mchumi wa Marekani, walipima hivohivo magharibi mwa Kenya miaka ya 90, vitabu vikagawiwa, wastani wa alama haukupanda, waliofaidika ni waliokuwa wanaweza tangu mwanzo, maana vitabu vyenyewe vya Kiingereza na wengi hawakielewi. 2019 akapata Nobel ya uchumi pamoja na wachumi wenzake Banerjee na Duflo. Mi natafuta nauli ya boda.

Sasa mjukuu wake ninayemtaka kaenda kuni. Wa jirani yupo hapo anacheza, darasa moja, na bibi ananishangaa, "si umuulize huyu?" Siwezi, jina lililotoka kwenye sampo, ile orodha ya waliochaguliwa kuulizwa, ndo hilohilo, ukibadilisha umeharibu kazi ya watu mia. Nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, mvua ikaja tukahamia jikoni, moshi machoni, bibi kanipa muhogo wa kuchoma na mawese nikala huku ananiuliza mshahara wangu, naoa lini, na hayo majibu yanaendaga wapi. Hilo la mwisho sikulijibu vizuri.

Mtoto karudi na mzigo kichwani, kalowa. Nikampa kadi ya kusoma. Kidole kinatembea chini ya kila herufi, "ka-ka... kaka a-na...", kidole kina tope kimeacha alama kwenye kadi, kafika mstari wa pili kanyamaza. Huruhusiwi kumsaidia hata kwa macho. Hapo ndo kazi inapouma.

Baada ya hapo saa sikuangalia tena, kaya mbili nyingine, moja wamefunga mlango nikiwasikia ndani. Narudi mjini giza, natuma data, mtandao unazunguka weee. Saa nne usiku supavaiza kapiga.

"Huyu mtoto mwaka juzi ana miaka tisa, na leo umeandika tisa?"

"Bibi ndo kasema tisa."

"Rudi kesho ukahakiki."

Nikampigia boda wangu. Kasema kule tope sasa hivi, bei imepanda.