Siku Moja Kliniki: Bakteria wa Tumbo na Watu wa Nyumba Moja

Saa moja na nusu asubuhi. Kipimo cha pumzi, kinachotafuta bakteria wanaoishi tumboni, hufanywa kabla mgonjwa hajala kitu, ndiyo maana wanaokihitaji hupangiwa mwanzo wa siku. Kazi yangu ya kwanza nikiwa muuguzi wa kliniki ya magonjwa ya tumbo ni kuuliza habari za dawa. Dawa za kupunguza asidi zinapaswa ziwe zimeachwa kwa wiki 2, na antibiotiki kwa wiki 4, kwa kuwa zote huweza kuwapunguza bakteria bila kuwamaliza, kipimo kikaonyesha kwamba hawapo kumbe wapo. Mmoja wa waliofika leo alikuwa amemeza dawa ya asidi juzi, nikampangia siku nyingine. Hakufurahi, na ninamwelewa, lakini heri arudi kuliko aondoke na jibu lisilo la kweli.

Saa mbili. Mgonjwa wa kwanza alipuliza pumzi kwenye mfuko, akanywa maji yenye urea iliyowekewa alama ya kaboni 13, akangoja dakika 30, kisha akapuliza tena. Bakteria tunayemtafuta, Helicobacter pylori, hutoa kimeng'enya kiitwacho ureasi, ambacho huivunja urea kuwa amonia na kaboni dayoksaidi. Amonia hupunguza ukali wa asidi inayomzunguka, naye akaweza kuishi mahali ambapo vijidudu wengi hufa. Kaboni dayoksaidi nayo huingia katika damu, ikafika mapafuni na kutoka na pumzi, ambamo tunaipima.

Saa tatu na nusu nilikuwa chumba cha endoskopia, ambako tumbo hutazamwa ndani kwa mpira mwembamba wenye kamera. Daktari alikuta kidonda mwanzoni mwa utumbo mwembamba wa baba mmoja wa makamo, akachukua vipande vidogo vya ukuta wa tumbo, na kimoja nikakiweka katika jeli ya manjano, ambayo baada ya muda iligeuka kuwa ya waridi, dalili ya kuwapo kwa ureasi. Alipozinduka vizuri aliniuliza kama kidonda kile kimeletwa na mawazo. Nilimweleza kwamba hata madaktari waliamini hivyo kwa miaka mingi, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipofaulu kuwaotesha bakteria hawa maabara mwaka 1982. Marshall aliwanywa yeye mwenyewe mwaka 1984, ukuta wa tumbo lake ukavimba, na wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Saa tano alirudi mama mmoja kuchukua majibu, akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Alipoambiwa kuwa ana bakteria hawa, hakuuliza habari za dawa hata kidogo. "Dada, nimewaambukiza wanangu?" Swali hilo husikika hapa karibu kila siku, na siku zote huwa ninafunga mlango na kuketi kabla ya kulijibu, kwa sababu jibu lake linaweza kumwumiza mtu bure.

Ukweli ni kwamba wengi huambukizwa wakiwa wadogo, tena ndani ya nyumba yao. Watafiti waliolinganisha vinasaba vya bakteria kutoka kwa watu wa familia moja wamekuta mara nyingi mama na watoto wake wana aina ileile, na kaka na dada vilevile. Njia zenyewe hatujaziona zote waziwazi, lakini bakteria hawa wamewahi kuoteshwa kutoka katika matapishi, na hupatikana pia katika mate na kinyesi. Kwa hiyo nilimshauri anawe mikono kwa sabuni kila anaposafisha matapishi au kumbadilisha mtoto, na asimtafunie mtoto chakula. Kunyonyesha aendelee nako. Nilimwambia pia, kwa kuwa ninaliamini kabisa, kwamba huenda naye aliambukizwa akiwa na umri wa wanawe hao, katika nyumba iliyojaa watu waliompenda, na hakuna wa kulaumiwa.

Akataka watoto wote wapimwe siku ileile. Hapo nilimzuia. Wengi wenye bakteria hawa hawapati dalili yoyote, matatizo makubwa ni nadra utotoni, na mtoto mdogo aliyetibiwa anaweza kuambukizwa tena. Kumpa antibiotiki mtoto asiye na dalili ni kuwafundisha bakteria usugu. Mtoto mwenye dalili za kutia shaka ataonwa na daktari wa watoto. Watu wazima wa nyumbani ni suala jingine, na kwa maoni yangu kliniki nyingi huwasahau.

Saa nane mchana, baada ya mapumziko mafupi, nilimwelekeza mama yule matumizi ya dawa: dawa ya kupunguza asidi, dawa ya madini iitwayo bismathi, na antibiotiki 2, kwa siku 14 bila kuruka. Kinyesi kitakuwa cheusi kwa sababu ya bismathi, asiogope. Angalau wiki 4 baada ya kumaliza atarudi kupimwa kwa pumzi au kinyesi. Kipimo cha damu hakifai hapo, kwani kingamwili, yaani protini za kinga ambazo kipimo hicho huzitafuta, hubaki muda mrefu hata bakteria wakiisha.

Kuanzia saa tisa na nusu nilikuwa nikiosha mipira ya endoskopia yenye kamera, kazi nisiyokubali iharakishwe, maana chombo kisichotakaswa vizuri kinaweza kupeleka bakteria hawa kutoka tumbo moja hadi jingine.

Saa kumi na moja, wakati wa kuandaa orodha ya wiki ijayo, nilisoma tena faili la mama yule. Baba yake mzazi alifariki kwa saratani ya tumbo, na tangu mwaka 1994 bakteria huyu ametambuliwa rasmi kuwa chanzo cha saratani hiyo. Nilimpigia simu. Mume wake nimemwandika Jumatatu, na ndugu zake wa kuzaliwa watapimwa Alhamisi.