Karudi wapi?

Jumapili tulikuwa tunatoka msibani kwa jirani, yule mzee wa mkaa, mwanangu akaropoka kwenye bajaji, "kumbe babu wa mkaa kafa kweli." Shangazi yake akamgeukia kama kamwagiwa maji ya moto. Mtu mzima hasemwi kafa, kuku ndo anakufa, sema ametangulia. Mtoto akanyamaza, tukapita mataa, tukapita na sheli, ndo akauliza, "ametangulia wapi?"

Shangazi akacheka. Mimi nilikuwa nishafika Chuncheon, Korea Kusini.

Ya skolashipu na bi mkubwa kulia eapoti nishawachosha nayo, sirudii. Hii ilikuwa Januari 2016, mwaka wa lugha, ule mwaka unaosoma Kikorea tu kabla hawajakuruhusu kugusa digrii yenyewe, na usipofika levo ya 3 ya mtihani wao wa TOPIK hiyo digrii utaisikia kwa wenzio. Masaa manne kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, mimi na Wamongolia na Wavietnamu na Muuzbeki mmoja wa kusinzia, nje baridi chini ya sifuri, ukitoka na nywele mbichi zinakuwa kama mswaki.

Herufi zao hazikunisumbua. Mfalme Sejong alizitengeneza karne ya 15 ili na watu wa kawaida wajue kusoma, za msingi ni 24 tu, siku tatu nne nikawa nasoma kila kibao cha mjini bila kuelewa hata kimoja. Ila kilichonivimbisha kichwa ni somo la heshima. Kwao chakula chako wewe ni bap lakini cha mkubwa ni jinji, umri wako ni nai ila wake ni yonse, hata kulala mkubwa ana kitenzi chake, na pale pasipo na neno la pekee unachomeka "si" katikati ya kitenzi, heshima yenyewe ndo hiyo silabi moja. Wenzangu wanashika vichwa, mimi nawaambia jamani mbona hii ndo lugha yetu, viambishi tumezaliwa navyo, halafu nimelelewa na bibi wa Tanga ambaye usipotoa shikamoo chai huioni, leo nifundishwe heshima na kitabu? Mapumziko nilikuwa nawapigisha tuisheni wenzangu, kimbelembele changu mnakijua.

Na kufa nako kuna maneno yake. Mbu au ua la kwenye chungu ni jugossoyo, limekufa, basi. Mtu unayemheshimu unatumia kitenzi cha kurudi, kurudi ulikotoka, ukakiwekea ile "si". Doragassoyo, karudi. Doragasyossoyo, amefariki. Niliandika kwenye daftari nikapigia mistari miwili, nikawaambia Wavietnamu hii itatoka kwenye mtihani.

Siku ya mtihani wa kuongea, saa tano asubuhi ya kule, nyumbani ni kumi na moja alfajiri, nikafungua simu koridoni nikakuta meseji ya mama mdogo. Bibi hatunaye. Tunampeleka Tanga. Nilikuwa wa nne kwenye orodha na wa tatu alikuwa ameshaingia. Sikumwambia mtu. Nikarudi kwenye daftari langu nikaendelea kukariri, sijui ni akili gani ile.

Chumba chenyewe kidogo, meza, karatasi ya alama, hita inaunguruma chini, na sonsengnim alikuwa amemenya chenza, zile ndogo za kisiwa cha Jeju za msimu wa baridi, kala nusu, nusu iko juu ya tishu, chumba chote kinanuka maganda. Mwalimu mpole sana yule mama, anaongea taratibu kama anamlisha mtoto uji. Akaanza, familia yako, unamkumbuka nani zaidi? Nikasema halmoni, bibi. Halmoni yuko wapi sasa?

Jugossoyo ilikuwa hapa mdomoni, rahisi, ya wiki za mwanzo, ila nitamsemaje bibi yangu kama mbu. Nikaikwepa, nikadaka ile nyingine.

"Doragassoyo."

Sonsengnim akachangamka kweli. Aaa, kumbe alikuja Korea! Karudi wapi?

"Tanga-ro," nikasema, kuelekea Tanga, na kiambishi cha mahali nimekipatia vizuri.

Lini?

Leo.

Kwa ndege?

Nikafikiria Coaster ambayo watakuwa wanaitafuta muda ule Temeke, nani achangie mafuta, nani akae mbele. Nikasema, kwa basi.

Akacheka, Afrika ni mbali jamani, basi halifiki, na mimi nikacheka. Nawaambia ukweli nilicheka, tena kwa sauti. Halafu ualimu ukamrudia, akagonga meza kwa kidole, halmoni ni mkubwa, umesahau nini? Weka "si". Sema tena. Doragasyossoyo.

Nikasema, doragasyossoyo. Akatingisha kichwa, tena. Doragasyossoyo. Akainamisha kalamu nyekundu kuandika, ndo nikaona imesimama kwenye karatasi, haiendi, doa linakua. Akainua macho akaniangalia. Akauliza polepole, leo? Nikasema, leo.

Hita inaunguruma. Akaisogeza ile nusu chenza pembeni, akaifunika na tishu, kama vile ndo iliyokosea. Akasema maneno mengi kwa sauti ya chini na sikuelewa hata moja, levo 2 ile, pole walikuwa hawajatufundisha. Nikainama, nikasema asante, nikatoka nikamwita wa tano.

Alama za kuongea zilikuja 86. Sijui ile "si" alinikata au alinihurumia, sikuuliza.

Kesho yake baada ya kipindi akanisubiri mlangoni na bahasha nyeupe, ananipa kwa mikono miwili, mkubwa kwangu kabisa halafu mwalimu. Nikamwambia sisi tunaita rambirambi, akaliandika kwenye kijitabu chake, herufi za kwao, rambi-rambi, akarudia mpaka akaipatia. Ndani kulikuwa na noti moja ya njano, won 50,000, ile yenye picha ya Shin Saimdang, mama mchoraji wao wa zamani.

Sasa hii sehemu sijawahi kumwambia mtu, hata bi mkubwa, naomba asisome. Hitma ya arobaini ilipofika wajukuu wote wakachanga, mama mdogo akanipigia, nikamwambia huku mambo magumu, nitatuma mwezi ujao. Ile noti nilishanunulia taiti nzito za baridi, zile zenye manyoya ndani. Sikutuma mwezi ujao wala uliofuata. Taiti ziko kabatini mpaka leo, nzima kabisa, Dar utazivaa wapi.

Mtoto bado anasubiri jibu. Nimemwambia amuulize shangazi yake.