Jani la mgomba

Bibi aliniambia mara mbili nilikate.

"Mume wangu, lile jani limelalia banda lako."

"Ndiyo, Bibi," nikaitikia, kwa ile sauti ya mtoto ambaye hana mpango wa kunyanyuka. Mwezi wa nne Tukuyu jua ni mgeni, lakini siku likitokea lilikuwa linampiga chiriku wangu jike usoni palepale alipoatamia. Jani lile ndilo lililompa kivuli. Niliona kulikata ni kumwonea.

Ilikuwa 1993, nikiwa darasa la sita. Banda nililijenga mwenyewe kwa mabanzi na waya wa kuku, na waya nikalazimika kuupanga mara mbili, kwa sababu matundu yake yalikuwa makubwa na chiriku ni mdogo kuliko unavyodhani. Akikaza mbawa anapenya. Nililisimamisha juu ya miguu minne, kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu niliyoomba kwa madereva wa stendi. Mvua ikijaza kopo, oili inaelea juu ya maji. Hakuna mdudu wa kutambaa angevuka pale. Nilijisifu kwa hilo shuleni mpaka wenzangu wakachoka.

Dume nilimnasa kwa ulimbo wa mkuyu. Nilipombandua aliacha mkia wote kwenye kijiti, akakaa kama kifaranga cha kuku kwa wiki kadhaa. Jike nilimpata kwa gololi kumi na mbili. Yeye alikuwa na michirizi ya kahawia, hana uzuri wa kumwita mtu aje aone; dume ndiye mwenye kichwa cha manjano na sauti. Watu wakisema fulani ana maneno kama chiriku, huwa nawaza kama wamewahi kulala chumba kinachopakana na chiriku. Alianza kabla ya jogoo. Kanari wanaofugwa Ulaya, ambao asili yao ni Visiwa vya Canary, ni wa jamii moja naye, lakini hilo nilikuja kulijua ukubwani. Vilevile sikujua lolote kuhusu vibali. Leo kumfuga ndege wa porini bila kibali ni kosa, na mwaka 2016 serikali ilisimamisha hata kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje. Enzi zile kila mtoto wa kwetu alikuwa na tundu lake.

Uzao wa kwanza ulikufa wote siku ya tatu. Bibi alitazama kibakuli changu cha ulezi mkavu, akanitazama na mimi.

"Mtoto mchanga ungempa bisi?"

Akanipeleka kando ya shamba la chai kuchuma mchunga. Hakutaka ulio na ua. Alitaka kichwa ambacho ua limeshafunga, ukikipasua unakuta mbegu bado nyeupe, zina maji kama maziwa. Mbegu za hivyo ndizo mama anazozilainisha kooni na kumtapikia kinda. Kuanzia siku hiyo nilichuma kila asubuhi kabla ya shule, vidole vyangu vikawa vyeusi kwa utomvu, na mwalimu akanichapa akidhani ni wino.

Safari ya pili jike alitaga mayai matatu. Alijenga kwa nyuzi za gunia la katani nilizozikata fupi, maana ndefu humfunga kinda mguu. Aliatamia peke yake muda wa wiki mbili, dume akimlisha mdomoni kama bwana harusi. Yote matatu yakaanguliwa.

Usiku wa siku ya kumi na moja, kitu cha kwanza nilichoona ni mende. Walikuwa wanakimbia ukutani, wengi, wote upande mmoja. Kisha kuku wakaanza kulia. Bibi aliwahi kuelewa kabla yangu.

"Siafu! Chota majivu!"

Nilitoka na koroboi. Kopo la kwanza lilikuwa safi, oili inang'aa. La pili safi. La tatu, la nne. Nikapumua. Kisha nikainua taa.

Walikuwa wanapanda shina la mgomba, msururu mnene kama kamba, wanafuata uti wa jani, na pale ncha ilipolalia waya wanamwagika ndani. Dume alikuwa ameng'ang'ania waya kwenye kona ya mbali, mdomo wazi, hatoi sauti. Jike hakuwa amesogea. Alikuwa amewatandazia makinda mbawa, na mbawa zenyewe zilikuwa nyeusi, zinatembea.

Nilizamisha mikono nikaling'oa tago zima. Maumivu sikuyasikia mpaka nilipofika jikoni. Bibi aliweka ungo karibu na makaa, akawa anabandua siafu mmoja mmoja kwa kucha. Kiwiliwili kinakatika, kichwa kinabaki kimeuma. Jike alikufa katikati ya kazi hiyo. Kinda mmoja alikuwa ameshakufa zamani. Wawili walikuwa hai, mmoja jicho limevimba.

Dume nilimtia kwenye tundu dogo pamoja nao, nikaninginiza mchunga, nikakaa chini ya meza kumchungulia. Palikucha. Hakuimba, na ile kimya ndiyo iliyonitisha zaidi ya yote. Alikaa kwenye kijiti ameyavimbisha manyoya. Mmoja wa makinda alipoinua shingo na kulia, dume aliigeukia sauti, akageuka tena. Nilihesabu. Kinda alilia mara tisa. Kisha dume akashuka, akapasua kichwa kimoja cha mchunga, akala. Akapasua cha pili, akaenda kwenye tago, akainama.

Nilipotoka nje nilimkuta Bibi na panga. Hakuniambia neno. Alilikata lile jani kwenye shina, akalikung'uta, akalipitisha kwenye moto lilainike. Mchana nilipofunua chungu cha mbalaga, ndilo lililokuwa limefunikia ndizi.