Kumi na tisa kwa kumi na tisa

Mdogo wangu anatumia mkono wa shoto, na ugomvi wetu wote ulianzia hapo. Shoto kama Lin Dan. Tulipoanza kucheza mpira wa vinyoya akajichagulia Mchina huyo awe mtu wake, nami kwa ubishi tu nikamchukua aliyesimama ng'ambo ya wavu, Lee Chong Wei wa Malaysia. Sikujua ninajitafutia miaka ya kuumwa roho.

Kwa asiyewafuatilia: Lee alikaa namba moja duniani kwa jumla ya wiki 349, na 199 kati ya hizo zilifuatana bila mtu kumshusha, kuanzia Agosti 2008 hadi Juni 2012. Mashindano ya Wazi ya Malaysia ameyachukua mara 12. All England, ambayo wachezaji wengi huota kuichukua hata mara moja, ameibeba mara nne. Dhahabu ya Olimpiki hana. Ubingwa wa dunia hana. Fainali tatu za Olimpiki, medali tatu za fedha. Nikianza kumtetea, mdogo wangu ananitandika na ile ya asiyekubali kushindwa si mshindani, utadhani mimi ndiye niliyekuwa uwanjani.

Beijing 2008 huwa siizungumzii. 21-12, 21-8. Nilizima kabla hawajavishwa medali.

London 2012 ndiyo iliyonikaa. Lee alikuwa ameumia kifundo cha mguu mwezi Mei, kwenye Kombe la Thomas kule Wuhan, na kwa muda haikujulikana kama Olimpiki atacheza. Akafika fainali. Akachukua seti ya kwanza 21-15. Ya pili ikaenda kwa Lin Dan, 21-10, na mimi nikashuka kwenye kiti nikakaa chini, mgongo umeegemea miguu ya mdogo wangu. Seti ya tatu kila Lin Dan akipata pointi, goti lilinigonga kwenye bega. Ikafika 19-19. Goti likanigonga mara mbili za mwisho, kisha mtu akaniruka kichwani akaanza kukimbia chumba kizima huku anapiga saluti, maana Lin Dan naye alikuwa anakimbia uwanja mzima. Mimi namwangalia Lee tu. Miaka minne ya mazoezi, imekatwa na pointi mbili.

Siku hizo nilisema maneno niliyoyasikia kwa wengi: moyo mwepesi, anaogopa fainali. Niliyafuta mwenyewe miaka kadhaa baadaye, siku nilipofika 19-19 na mdogo wangu. Hakukuwa na kombe wala mtazamaji, isipokuwa jamaa wawili waliokuwa wakisubiri tumalize tuwapishe. Ni zamu yangu kuanzisha. Nimekishika kinyoya kwa kidole gumba na cha shahada, nimeyabana manyoya kwenye ncha, na nayaona yote 16, moja limevunjika katikati. Kitu chenyewe kina gramu tano hivi. Mkono ukakataa. Si kwamba ulitetemeka, ulikuwa mzito, kana kwamba si wangu. Nikakisukuma. Kikagonga ule ukanda mweupe juu ya wavu, kikasita kidogo kama kinachofikiria, kikaangukia upande wangu. Mdogo wangu hakucheka hata. Akasema, "Pole, dada," na hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

Tangu siku ile namtazama Lee kwa jicho jingine, hasa miguu. Si mtu mkubwa, na nguvu zake nyingi ziko chini ya kiuno. Akiruka nyuma kupiga kombora, miguu hupishana hewani, wa kushoto ukatangulia kugusa chini nyuma yake, na ukigusa tu umeshamrusha mbele. Kinyoya kikirudishwa kifupi anakikuta wavuni kabla hakijashuka. Nimejaribu kuiga. Goti langu la kulia lina maoni yake kuhusu jambo hilo.

Inachekesha kwamba utotoni alipenda mpira wa kikapu. Mama yake hakutaka ashinde juani, basi baba, aliyependa vinyoya, akawa anamchukua ukumbini.

Na kuhusu shoto, wasiocheza hawaelewi usumbufu wake. Manyoya ya kinyoya yamelaliana kuelekea upande mmoja, kwa hiyo kikiruka huzunguka upande uleule siku zote. Akikikata mtu wa kulia hufanya hivi, akikikata shoto hufanya vingine, na pembe zote ulizozizoea zinageuka. Mimi nimecheza na shoto mmoja maisha yangu yote na bado ananiokota kwenye kona ileile. Lee alikutana na shoto bora kuliko wote mara 40. Alishinda 12.

Ukiyahesabu mengine utachoka. Fainali ya dunia 2011, ilichezwa London pia, alishinda seti ya kwanza akapoteza ya tatu 23-21. Ya 2013 ilikuwa Guangzhou, nyumbani kwa Lin Dan, ambaye aliingia kwa kadi ya mwaliko baada ya kupumzika karibu mwaka mzima (hapa nitakuwa na kinyongo mpaka nizikwe). Seti ya tatu, 20-17, misuli ya Lee ikakaza, akashindwa kuendelea, akatolewa kwa machela. Ya 2014 alipoteza kwa Chen Long, Mchina mwingine, kisha vipimo vikaonyesha deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe. Medali ikachukuliwa, akafungiwa miezi minane. Jopo lililosikiliza kesi lilikubali kwamba hakukusudia kudanganya. Mdogo wangu, kwa haki yake, hili hajawahi kunitania nalo. Lee alirudi Mei 2015, na Agosti hiyohiyo yuko fainali ya dunia tena, Jakarta. Chen Long tena. Nikasema huyu mtu sasa aniache.

Halafu Rio 2016, nusu fainali, Lee na Lin Dan. Nilikaa kwenye kiti safari hii, mdogo wangu akakaa chini, ndiyo sharti nililompa. Seti ya kwanza 15-21. Ya pili 21-11. Ya tatu ikapita 19, ikapita 20, na Lee akaimaliza 22-20. Wakakumbatiana, wakabadilishana jezi. Nililia, sina haja ya kuficha. Siku iliyofuata akapoteza fainali kwa Chen Long, 21-18, 21-18, na ajabu ni kwamba haikunichoma kama nilivyotarajia. Mdogo wangu anasema nachagua mechi za kukumbuka. Ndiyo, nachagua. Hata yeye hajawahi kuitaja Rio.

Ninayoirudia zaidi si hiyo. Ni fainali ya Wazi ya Malaysia, Julai 2018, Kuala Lumpur. Lee ana miaka 35, ng'ambo yuko kijana wa Japani, Kento Momota, ambaye mwezi uliofuata angekuwa bingwa wa dunia. Lee akashinda 21-17, 23-21, kombe la 12, ukumbi unapiga kelele mpaka sauti ya mtangazaji imezama. Namwangalia anavyoruka huku nikijua asichokijua yeye. Muda mfupi baadaye aligundulika ana saratani ya pua, ikiwa bado hatua ya mwanzo. Akatibiwa Taiwan, akapona, akajaribu kurudi mazoezini akitaka Olimpiki ya tano, mwili ukakataa. Juni 13, 2019 akatangaza kustaafu, machozi yakimtoka mbele ya waandishi. Mechi ile ya Momota ikabaki kuwa ubingwa wake wa mwisho. Natazama miguu tu.

Mwaka 2023 waliingizwa pamoja kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa shirikisho la dunia, yeye na Lin Dan, na mdogo wangu akanipigia kuniambia kabla sijaona popote. Tuliongea vizuri, karibu nusu saa. Asubuhi yake nikaamka nikakuta amenitumia video ya London, imekatwa ianzie 19-19.

Nikamrudishia ya Rio, nzima.