Deki ya CD yenye sauti upande mmoja: nilivyoitatua bila kununua nyingine

Deki ya boksi moja (kisoma CD na sakiti ya sauti viko pamoja), hapa Tabora mjini, ilikuwa inasoma CD vizuri lakini spika ya kushoto kimya. Nilibadilishanisha waya nyeupe na nyekundu nyuma ya deki: ukimya ukahamia kulia. Basi spika, waya na amplifaya ni vizima. Ubovu uko kwenye sakiti ya sauti ndani ya deki. Lenzi haihusiki, usiiguse.

Nyuma ya deki kuna tundu la dijitali. Data hutoka hapo (biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde) kabla ya kufika kwenye sakiti iliyokufa. Nikaongeza kigeuzi cha nje cha kugeuza data kuwa sauti, DAC ndogo ya adapta ya volti 5, kati ya deki na amplifaya. Chaneli zote zikarudi, ila ukaja mvumo mzito, hata CD ikiwa imesimama.

Mvumo huo ni wa mzunguko wa ardhi: waya wa koaksi wa omu 75, ule wa shaba unaopeleka data kwenye kigeuzi, unaunganisha ardhi ya deki na ya amplifaya. Kamwe usikate pini ya ardhi ya plagi, ni hatari kwa maisha. Dawa ni waya wa mwanga (optiko), kama deki ina tundu lake: unapeleka data kwa mwanga, haupitishi umeme. Toa vifuniko vya plastiki kwenye ncha zake (wengi husahau, wakadhani umekufa), usiukunje kwa pembe kali, na uchague ingizo la mwanga kwenye kigeuzi.

Kama deki yako ya boksi moja ni nzima, usiiongezee kigeuzi cha nje. Hiyo pesa peleka kwenye spika.