Tupa ya kucha iliyoniondolea kucha za kubanduka

Tangu utotoni kucha zangu ni nyembamba, na zilinisumbua kwa miaka kwa kubanduka nchani. Kiganda chembamba kinainuka, kinanasa kwenye nguo au kwenye nywele, na ukikivuta kinaondoka na kipande kizima cha ukucha. Nilipaka mafuta, nikapaka na zile rangi za kuimarisha kucha. Mafuta yalisaidia kiasi. Nafuu yenyewe niliipata nilipoanza kuchagua tupa kwa makini.

Ukucha umeundwa kwa keratini, protini ileile iliyomo kwenye nywele, na umepangwa matabaka juu ya matabaka. Tupa yenye punje kubwa, pamoja na zile za chuma zinazokunjwa ndani ya kikata kucha, inapopita kwenye ukucha mwembamba huacha ukingo wenye nyufa ndogondogo. Chukua lenzi ya kukuza utaziona wazi, pamoja na vinyuzi vyeupe vinavyoning'inia. Hapo ndipo maji hupenya. Kila ukiosha mikono ukucha unavimba kidogo, ukikauka unasinyaa, na mwisho wake matabaka yanaachana. Mimi ni mtu wa kushika maji kutwa, kwa hiyo ukingo ndio niliohitaji kuushughulikia kwanza.

Jambo la kwanza nililolifuatilia ni namba. Tupa za msasa, vile vibao vyembamba vilivyobandikwa punje, hupimwa sawa na msasa wa fundi seremala: namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa na zinakwangua zaidi. Namba 80 na 100 ni za kucha za bandia. Kwenye ukucha wa asili zinaleta maafa. Namba 180 hupunguza urefu upesi na inawafaa wenye kucha nene. Kwa kucha kama zangu anzia 240. Vibao vingi vina pande mbili, ndiyo maana utakuta vimeandikwa 180/240. Visivyoandikwa chochote navijaribu kwa kuvipitisha taratibu kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono. Kikiniparura hapo, sikinunui.

Kuna kitu kingine ambacho wachache wanakijua. Kibao kipya huwa na makali kwenye kingo zake mbili, na makali hayo ndiyo yanayochana ngozi ya pembeni ya ukucha hadi vidole vinawasha. Kabla sijakitumia, nachukua tupa nyingine na kuipitisha kwenye kingo hizo kwa mshazari, mara chache tu, mpaka makali yafe. Ni kazi ya sekunde, lakini tofauti unaisikia kidoleni.

Ninayoipenda kuliko zote ni tupa ya kioo. Kwenye ile halisi ukwaruzo umechongwa kwenye kioo chenyewe, haukubandikwa kwa gundi, kwa hiyo haupukutiki, na unaweza kuiosha kwa sabuni na maji kila baada ya kuitumia. Ina ukwaruzo mdogo sana. Inakwenda polepole, na ukiiangusha sakafuni ujue umeipoteza, lakini ukingo inaouacha ni laini ajabu. Nikimaliza napitisha ukucha juu ya soksi nyembamba ya nailoni. Usiponasa, kazi imekamilika. Ukinasa, narudi hapohapo.

Kuhusu kuitumia, sharti langu kubwa ni ukavu. Ukucha uliotoka majini ni laini, unapindika na kuchanika kirahisi, kwa hiyo baada ya kuoga nasubiri hadi mikono ikauke kabisa. Kama nina urefu mwingi wa kuondoa, naukata kwanza kidogokidogo, halafu tupa inamalizia. Nashika kidole kwa kidole gumba cha mkono huohuo ili ukucha usitikisike, natoka pembeni kuelekea katikati, nainua tupa, narudi tena pembeni. Wapo wanaosema kwamba tupa ya kioo inavumilia kwenda na kurudi, na ni kweli, lakini kwa msasa mimi siwezi kushauri hivyo: kule kurudi nyuma ndiko kunakoinua matabaka. Mwisho napitisha tupa kwa wepesi chini ya ncha, kuondoa ule unga uliojikusanya.

Pembe nazihurumia kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukizichimba sana ili ukucha uonekane mwembamba, unauondolea nguzo zake na utapasuka kuanzia ubavuni, mahali panapouma. Umbo linalodumu kwangu ni ncha iliyonyooka yenye pembe zilizoviringwa kidogo. Kucha zilizochongoka zinapendeza, sikatai, ila zinahitaji ukucha mgumu.

Vile vitofali vya sponji vya kung'arishia uso wa ukucha navigusa kwa nadra. Vinang'arisha kwa kupunguza unene, na sehemu iliyopunguzwa hairudishi unene wake. Unasubiri ukucha mpya uote. Nao hauna haraka. Kucha za mikono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, na ukucha mzima huchukua takriban miezi 4 hadi 6 kujitoa upya. Ndiyo maana tupa nzuri haikuonyesha matokeo papo hapo kwangu. Sehemu iliyokwisha kubanduka ilibidi isogee mbele na kukatwa awamu kwa awamu, huku nikilinda ukingo mpya na kupaka mafuta mepesi kila usiku, hasa kwenye shina la ukucha. Ile ngozi nyembamba ya hapo shinani siigusi kwa tupa wala siikati, kwa kuwa ndiyo inayozuia vijidudu kuingia.

Kucha za miguu zina tupa yake peke yake. Nazinyoosha tu, bila kuviringa pembe kwa kina, kwa sababu ukucha wa kidole gumba ukifuatwa sana pembeni unaweza kuota kuingia ndani ya nyama. Fangasi nao hupenda miguuni, na sitaki kuwahamishia mikononi. Kwa sababu hiyohiyo siazimi tupa na siazimishi. Kibao cha msasa hakiwezi kusafishwa ipasavyo, kinanyonya unyevu, na kikishatumiwa na mtu mmoja kiishie kwa mtu huyo. Saluni nakwenda na zangu kwenye kimfuko. Namwambia tu, "Dada, naomba leo utumie hizi," na sijawahi kukutana na aliyechukia.

Dada yangu mkubwa nilimpa tupa ya kioo kama yangu akanirudishia siku hiyohiyo. Kucha zake ni nene na ngumu, akaona anachelewa. Yeye anaanza na 180 kupunguza urefu, anageuza upande wa 240 kulainisha, na kibao kikianza kuteleza katikati anakitupa na kuchukua kingine.